Daftari la Wateja ni la Nani?

Kamisheni ya mwaka wa kwanza ndiyo inayowavuta watu kwenye biashara ya bima, na kamisheni ya miaka inayofuata ndiyo inayowanufaisha waliodumu. Nchini Marekani, mteja akikata bima ya nyumba au ya gari kupitia wakala, kampuni humlipa wakala huyo sehemu ya ada, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 15. Mwaka ukiisha na mteja akahuisha bima, wakala hulipwa tena, na ataendelea kulipwa maadamu mteja hajahama. Miaka mitano ya kazi ya uangalifu huweza kumwachia mtu pato linaloingia hata mwezi ambao hakupata mteja mpya. Kwa sababu hiyo, Mswahili wa Dallas, Louisville au Minneapolis anayefikiria kufungua ofisi ya bima, na anayejiuliza kama anunue haki ya kutumia jina la kampuni kubwa au aanze kwa jina lake mwenyewe, anapaswa kuanza na swali ambalo wauzaji wa mikataba hawalitangulizi: siku nitakapoondoka, wateja hawa watakuwa wa nani? Maoni yangu ni kwamba swali hilo lina uzito kuliko mengine yote, na kwamba likijibiwa kwa ukweli, watu wengi wenye akiba kidogo na subira watajikuta wanaelekea kwenye uwakala huru.

Kwanza tupange maneno, kwa kuwa msomaji aliyezoea utaratibu wa Tanzania au Kenya, ambako wakala huwakilisha kampuni na dalali humwakilisha mteja, anaweza kuchanganyikiwa. Marekani kuna wakala wa kampuni moja, kama wale wa State Farm, asiyeruhusiwa kupeleka mteja kwingine. Kuna wakala huru, mwenye mikataba na kampuni kadhaa, anayemtafutia mteja bei inayomfaa kati ya hizo. Katikati imekuja franchaizi: unalipa ada ya kuingia, unatumia jina na mitambo ya kampuni mama, unauza bima za kampuni nyingi kupitia mikataba ambayo kampuni mama inayo tayari, na kila kamisheni inayoingia unaikatia mrabaha. Goosehead ya Texas, iliyoanzishwa mwaka 2003 na kuingia soko la hisa la Nasdaq mwaka 2018, na Brightway ya Florida ndizo zinazojulikana zaidi kwa mtindo huu. Franchaizi ya namna hii isichanganywe na uwakala wa kampuni moja. Ina faida halisi ya kuwa na kampuni nyingi mkononi tangu siku ya kwanza, na anayeipinga bila kukiri hilo hamtendei msomaji haki.

Suala la nani mwenye wateja lina historia ndefu. Mawakala huru wa Marekani walijiunga katika chama cha kitaifa mwaka 1896 mjini Chicago, na mwaka 1904, katika kesi ya National Fire dhidi ya Sullard, mahakama ya New York ilitambua kwamba taarifa za bima zinazokaribia kwisha, yaani nani amekatiwa nini na tarehe gani inaisha, ni mali ya wakala na si ya kampuni. Huo ndio msingi wa uwakala huru hadi leo: kampuni ikivunja mkataba na wakala, haina ruhusa ya kuwafuata wateja wale na kuwapa wakala mwingine. Wakala wa kampuni moja kwa kawaida hana ulinzi huo. Naye mwenye franchaizi yuko mahali pa ugumu zaidi, kwa kuwa haki yake haitoki kwenye desturi ya zaidi ya miaka mia moja. Inatoka kwenye vifungu vya mkataba ambao kampuni mama imeuandika yenyewe.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo mvuto wa franchaizi unapojengwa na hapo hapo unapoporomoka. Kwa mujibu wa ripoti za Goosehead kwa wawekezaji wake, mrabaha ni asilimia 20 ya kamisheni ya bima mpya na asilimia 50 ya kamisheni ya kuhuisha, na mkataba wa kwanza huwa wa miaka 10. Msomaji anayeona asilimia 20 peke yake atasema ni bei nzuri, na mwaka wa kwanza atakuwa sahihi. Tuchukue mfano wa kubuni: wakala anayeleta bima mpya zenye kamisheni ya dola 60,000 kila mwaka, na ambaye wateja wake 85 kati ya kila 100 huhuisha. Mwaka wa kwanza atalipa mrabaha wa dola 12,000. Mwaka wa tatu kamisheni ya kuhuisha itakuwa imefika takriban dola 94,000, na mrabaha wote utakuwa karibu dola 59,000. Mwaka wa tano utapita dola 93,000. Mwaka wa kumi, kamisheni ya kuhuisha ikiwa karibu dola 261,000, kampuni mama itachukua zaidi ya dola 142,000 kwa mwaka mmoja huo. Ukijumlisha miaka yote kumi, wakala huyu ameingiza takriban dola milioni 2.18 na kukatwa kama dola 909,000. Asilimia 20 aliyoisikia siku ya mazungumzo imekuwa zaidi ya asilimia 41, na juu yake bado kuna ada ya kuingia.

Mtetezi wa franchaizi atanikatiza hapa, na ana hoja. Nusu ile ya kamisheni ya kuhuisha haichukuliwi bure. Goosehead ina vituo vya huduma vinavyopokea simu za wateja, kubadilisha gari kwenye hati, kutuma vyeti kwa benki iliyotoa mkopo wa nyumba, kutafuta bei mpya ada inapopanda. Wakala huru lazima afanye kazi hizo mwenyewe au aajiri mtu. Basi tumtoze gharama hiyo. Tuseme mfanyakazi wa huduma, pamoja na kodi na bima yake ya afya, anagharimu dola 55,000 kwa mwaka. Mwenye ofisi anahudumia mwenyewe miaka miwili ya mwanzo, anaajiri mmoja mwaka wa tatu, na wa pili mwaka wa nane. Hiyo ni dola 605,000 kwa miaka kumi. Ongeza dola 10,000 kila mwaka za programu za kutafutia bei na kutunzia kumbukumbu, tufike dola 705,000. Tofauti na mrabaha ni dola 200,000 hivi, sawa na dola 20,000 kwa mwaka. Hizo si pesa za kudharau, lakini hazitoshi kumaliza ubishi, hasa kwa mtu ambaye kusimamia wafanyakazi kunamnyima usingizi. Ningekuwa na hoja hii tu, ningesema kila mtu achague kwa kadiri ya tabia yake.

Kinachonifanya niegemee upande mmoja ni umbo la gharama hizo mbili. Mrabaha unakua kila dola inapokua, wala hauna mwisho. Gharama ya huduma inapanda kwa ngazi: unaajiri mtu, kisha anahudumia wateja mia kadhaa zaidi bila kukuongezea mshahara wa pili. Katika mfano wetu, mwaka wa tatu gharama hizo zinakaribiana sana. Kabla ya hapo franchaizi haina hasara kubwa, na baada ya hapo kila mwaka ndiyo inayogharimu zaidi. Mwenye busara angesema, basi niingie franchaizi miaka mitatu nijifunze kazi, halafu nitoke na wateja wangu. Mkataba wa miaka kumi umeandikwa kuzuia jambo hilo hasa. Mrabaha wa miaka ya mwanzo huwa mwepesi kwa sababu kampuni mama inajua itafidiwa katika miaka ambayo wewe huwezi kuondoka. Ni mkopo ambao marejesho yake hupanda kadiri unavyofanikiwa.

Kisha ije siku ya kuuza. Ofisi ndogo za bima Marekani huuzwa kwa kuzidisha pato la mwaka, na tukichukua mara mbili kama kipimo cha mfano, wakala huru wetu mwenye kamisheni ya dola 321,000 mwaka wa kumi ana mali ya kama dola 642,000. Mwenye franchaizi aliyeuza bima zile zile kwa wateja wale wale ana pato la dola 179,000 tu baada ya mrabaha, na kwa kipimo hicho hicho mali yake haifiki dola 360,000. Na hata kiasi hicho nakiona kikubwa mno. Wakala huru anaweza kumuuzia yeyote mwenye leseni na fedha: jirani, ofisi kubwa ya mji wa pili, kampuni ya uwekezaji inayokusanya ofisi ndogo. Mwenye franchaizi kwa kawaida anatakiwa apate kibali cha kampuni mama, na mnunuzi naye lazima akubali kusaini mkataba wa franchaizi na kuendelea kulipa mrabaha. Mara nyingi kampuni mama ina pia haki ya kununua kabla ya mwingine. Wanunuzi wakiwa wachache bei hushuka, na hakuna ujuzi wa mauzo unaoweza kurekebisha hilo.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inahusu mlango wa kuingilia. Kampuni za bima hazimpi mkataba kila mwenye leseni. Zinataka kuona uzoefu na ahadi ya kiasi cha mauzo kwa mwaka, na wakala mgeni anayepiga hodi mwenyewe anaweza kumaliza miezi mingi akiwa na kampuni mbili dhaifu ambazo bei zake hazimvutii mtu. Kwa mhamiaji asiyejulikana na wakaguzi wa kampuni hizo, ugumu ni mkubwa zaidi. Hili ni kweli tupu, na ndilo tatizo ambalo franchaizi inalitatua vizuri kuliko yote. Lakini si franchaizi peke yake inayolitatua. Kuna miungano ya mawakala, SIAA ikiwa mojawapo ya mikubwa, ambayo hukusanya ofisi nyingi ndogo ili zihesabiwe pamoja mbele ya kampuni za bima. Mwanachama hupata kampuni kupitia muungano, hukatwa sehemu ya kamisheni, na hubaki na jina lake. Miungano nayo haifanani. Ipo inayodai sehemu ya mapato kwa miaka mingi, ipo inayotoza faini nzito anayejitoa, na ipo inayoandika mikataba kwa jina la muungano, hivi kwamba ukijitoa unaacha wateja nyuma kama vile ungetoka kwenye franchaizi. Sifa ya uhuru isimfumbe mtu macho. Muungano wenye mlango wa kutokea uliofungwa ni franchaizi isiyo na kituo cha huduma, na kuliko huo, afadhali franchaizi yenyewe.

Yaliyotokea miaka ya karibuni yanaonyesha kwa nini umiliki una maana hata kwa mtu asiyefikiria kuuza. Mwezi Mei 2023, State Farm iliacha kupokea maombi mapya ya bima za nyumba jimboni California, na Machi 2024 ikatangaza kwamba haitahuisha bima 72,000 hivi za nyumba na majengo ya kupangisha jimboni humo. Julai 2023, Farmers ilitangaza kujiondoa Florida kwa bima zilizobeba jina lake, zilizouzwa na mawakala wanaouza bima zake pekee, zikiwa takriban 100,000. Wakala wa kampuni hizo hakufanya kosa lolote. Aliamka akiwa na ofisi, kodi ya pango, wafanyakazi, na rafu isiyo na bidhaa. Allstate nayo, ambayo mwaka 1999 ilitangaza kuwaondoa kwenye ajira mawakala wake 6,200 hivi na kutaka waendelee kama wakandarasi, ilianza mpango mwingine mwishoni mwa 2019 uliopunguza kamisheni ya kuhuisha huku kampuni ikiimarisha mauzo ya moja kwa moja kwa mteja. Nitakumbushwa kwamba hizi ni kampuni za uwakala wa kampuni moja, na franchaizi yenye kampuni nyingi haiko hatarini hivyo. Nakubali kuhusu bidhaa: kampuni moja ikifunga California, mwenye franchaizi atatafuta nyingine. Kuhusu masharti sikubali. Aliye na nguvu ya kubadilisha mgawanyo wa fedha mkataba unapokwisha, huku yeye akiwa ndiye mwenye wateja, siku moja ataitumia nguvu hiyo. Hahitaji kuwa mtu mbaya. Wanahisa wake watamtaka aitumie.

Wapo wanaosema franchaizi hupunguza uwezekano wa kufilisika, kwa kuwa mtu anaingia kwenye mfumo uliokwisha kujaribiwa. Takwimu za Goosehead zenyewe zinatia shaka. Mwisho wa mwaka 2022 ilikuwa na franchaizi zaidi ya 1,400 zinazofanya kazi. Mwisho wa 2024 zilikuwa zimebaki kama 1,100. Uongozi ulieleza kwamba ulikuwa unawaondoa wasiozalisha na kuwaimarisha wanaozalisha, na kwa upande wa kampuni huo unaweza kuwa uamuzi mzuri, maana mapato yake yaliendelea kukua. Lakini mtu anayenunua franchaizi hanunui wastani wa kampuni. Ananunua nafasi yake mwenyewe, na mamia ya watu waliolipa ada ya kuingia walitoka. Mfumo uliojaribiwa haukuwaokoa, kwa sababu kinachoua ofisi changa ya bima ni kukosa wateja wapya katika miezi kumi na minane ya mwanzo, na hao hakuna kampuni mama inayokuletea. Utawatafuta wewe kwa madalali wa nyumba, kwa maafisa wa mikopo, kanisani, msikitini, kwenye vyama vya watu wa nyumbani. Mteja wa aina hii anakuja kwa sababu ya mtu anayemwamini na anayemweleza kwa Kiswahili kwa nini bima ya nyumba hailipi mafuriko. Jina lililo kwenye kibao cha mlango halina kazi kubwa hapo, nalo ni sehemu ya kile unachokilipia mrabaha.

Jambo jingine linawahusu wasomaji wetu moja kwa moja. Franchaizi kubwa zimejengwa juu ya bima za nyumba na magari binafsi, na Goosehead ni mfano wazi. Biashara ambazo Waafrika Mashariki wengi wamezijenga Marekani ziko kwingine: malori ya mizigo, nyumba za kulelea wazee kama zilivyo nyingi mikononi mwa Wakenya jimboni Washington, malezi ya watoto nyumbani, kampuni za usafi. Bima za lori na za nyumba ya wazee zina ada kubwa na maswali magumu, na zinahitaji kampuni maalumu ambazo haziko kwenye orodha ya kawaida ya muuza bima za nyumba. Mkataba wa franchaizi unaweza kumkataza wakala kutafuta kampuni nyingine nje ya orodha hiyo, au kumtaka apeleke mteja wa aina hiyo kwa idara ya kampuni mama na kugawana kinachopatikana. Wakala huru anayejua lugha, anayefahamu dereva analipwa vipi na mwenye nyumba ya wazee anakaguliwa na nani, ana sehemu ya soko ambayo kampuni kubwa haijaifikia. Kuikabidhi sehemu hiyo kwa mkataba usioithamini ni hasara ambayo hesabu yangu ya hapo juu haikuigusa.

Kuna watu ambao bado ningewashauri franchaizi. Mtu mwenye kipaji cha kuuza na asiyetaka kabisa kuhudumia wala kusimamia, anayekusudia kuuza bima mpya nyingi mno kila mwaka na kuondoka jioni bila simu ya mteja, atafaidika, kwa kuwa anabaki na asilimia 80 ya kitu anachokiweza. Vivyo hivyo mtu asiye na akiba ya kuishi mwaka mzima wakati anatafuta kampuni. Huyo, hata hivyo, ningemwambia kwanza aajiriwe miaka miwili kwenye ofisi ya wakala huru. Atapata leseni, atajifunza kusoma hati, na atajulikana na wawakilishi wa kampuni za bima, huku akilipwa badala ya kulipa.

Anayeendelea na mazungumzo ya franchaizi ana silaha moja ambayo wengi hawaitumii. Kanuni ya tume ya biashara ya shirikisho, iliyoanza kutumika mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2007, inailazimu kampuni mama kumpa mnunuzi waraka wa maelezo siku 14 kabla hajasaini au kulipa chochote. Waraka una vipengele 23. Wauzaji hupenda kuzungumzia kipengele cha 19, cha mapato, ambacho kampuni hailazimiki hata kukijaza. Soma cha 20 kwanza: kinaonyesha franchaizi ngapi zimefunguliwa, zimefungwa na zimeuzwa kwa miaka mitatu iliyopita, na kinatoa majina na mawasiliano ya walioondoka mwaka uliotangulia. Wapigie simu hao kabla ya kuzungumza na wale wanaosifiwa kwenye vipeperushi. Waulize waliondoka na wateja wangapi. Kisha soma cha 17 pamoja na mwanasheria wa mikataba ya franchaizi: nini hutokea ukifa, kama mke, mume au mtoto asiye na leseni anaweza kurithi na kuuza, kifungu cha kutoshindana kinadumu muda gani na umbali gani. Usitarajie serikali ikusaidie katika hilo. Kanuni ya tume hiyo hiyo ya mwaka 2024 ya kufuta vifungu vya kutoshindana, ambayo mahakama ya Texas iliizuia kabla haijaanza kutumika, iliwalenga wafanyakazi na iliwaacha nje wenye franchaizi kwa makusudi. Mwisho uangalie sentensi inayohusu kuhuisha mkataba wenyewe baada ya miaka kumi. Mara nyingi utakuta umeruhusiwa kuhuisha kwa kusaini mkataba utakaokuwa ukitumika wakati huo, ambao masharti yake, mrabaha ukiwemo, yanaweza kutofautiana sana na ya ule ulionao mkononi.